Kingereza: “Ouch”, “oh”, “sorry”, vineno vidogo vya hisia ambavyo shule inapita mbio

Mtu akikanyagwa kidole cha mguu ndani ya basi huko Goma, hatafuti kamusi. Anapiga kelele “Ayi!” na basi nzima inaelewa. Lakini mtu huyo huyo akifika Kampala ao Louisville, Marekani, na kujikuta mbele ya muuguzi anayesema Kingereza peke yake, anaweza kugundua jambo la ajabu: miaka yote ya masomo ilimfundisha “I am, you are, he is”, lakini haikumfundisha namna ya kulia maumivu, kushangaa, kuchukizwa wala kufariji mtu katika luga hiyo.

Vineno vinavyofanya kazi hiyo vina jina lake katika sarufi: viingizi. Wanafunzi wa Kongo wanavijua zaidi kwa jina la Kifaransa, “interjections”. Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kingereza vinahesabiwa kuwa aina ya 8 ya maneno, baada ya jina, kiwakilishi, kitendo, kivumishi, kielezi, kihusishi na kiunganishi. Mara nyingi vinawekwa mwisho kabisa wa orodha, na mwalimu anapofika hapo, saa ya somo imeisha.

Wakati huo huo, Kingereza kimesogea karibu na wakaaji wa mashariki ya Kongo. Tangu 2022 inchi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999 ulitaja Kingereza kuwa luga yake rasmi. Inchini Uganda, ambako Kingereza ni luga ya ofisi na ya shule, kunaishi zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi Wakongomani, katika makao kama Nakivale na Kyaka II, na wengine Kampala. Na katika mwaka wa bajeti 2024, Wakongomani ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, karibu watu 20 000.

Kwa watu hao wote, kueleza hisia katika Kingereza ni kazi ya kila siku: kwa munganga, kazini, kanisani, kwa jirani aliyefiwa. Na mara nyingi kazi hiyo inafanywa na neno moja lenye herufi 2 ao 3.

Neno lililotupwa katikati

“Interjection” inatoka katika Kilatini, na maana yake ni kitu kilichotupwa katikati. Jina linaeleza kazi. Kiingizi kinatupwa ndani ya maongezi bila kushikamana na maneno mengine. Hakina wingi, hakibadiliki kufuatana na wakati, hakimtegemei mtenda ao mtendwa. Katika “Ouch! You stepped on my foot”, yaani “Ayi! Umenikanyaga mguu”, mtu anaweza kuondoa “ouch” na sentensi itabaki kamili. Kitakachopotea ni maumivu yenyewe. Sentensi itabaki kavu kama ripoti ya polisi.

Historia yake ni ndefu. Wagiriki wa zamani, katika sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, karne ya 2 mbele ya Kristo, walihesabu aina 8 za maneno, na sauti za hisia waliziweka ndani ya kundi la vielezi. Waroma walipofuata mfano huo kwa ajili ya Kilatini, walikuta nafasi moja imebaki wazi, kwa kuwa Kilatini hakina vineno vya namna ya “le” na “la” vya Kifaransa, ambavyo Kigiriki kilikuwa navyo. Wakavipa viingizi kundi lao wenyewe, na hesabu ikabaki 8. Sarufi ya Kingereza ilirithi orodha hiyo.

Wataalamu wa luga wanavigawanya katika makundi 2. Felix Ameka, mtaalamu kutoka Ghana aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, alieleza mgawanyo huo katika makala ya mwaka 1992, ambamo aliviita aina ya neno inayopatikana katika luga zote lakini iliyosahauliwa. Kundi la kwanza ni vineno visivyokuwa na kazi nyingine yoyote: “oh”, “ouch”, “wow”, “ugh”. Kundi la pili ni maneno ya kawaida yanayoazimwa ili kubeba hisia: “God!”, “Goodness!”, “Boy!”, “Help!”.

Kundi hilo la pili linawapoteza wageni. Mwingereza akisema “Oh dear!”, hamwiti mtu mpenzi wake, anasikitika. Mmarekani akisema “Oh boy!”, hakuna kijana anayeitwa, amefurahi, ao ameona tatizo linakuja. Mwenye kutafsiri neno kwa neno anapotea, sawa na vile mgeni angepotea akisikia mtu wa Bukavu akilia “Mama yangu!” na kuanza kuangalia huyo mama yuko wapi.

Kila hisia na neno lake

Hivi ndivyo viingizi ambavyo mtu anakutana navyo mara nyingi zaidi katika Kingereza cha kila siku:

- Maumivu: “ouch”, inayosomwa “auch”, na “ow”, inayosomwa “au”.
- Mshangao: “oh”, “wow” (wau), na “whoa” (wou), ambayo inaweza pia kumwambia mtu apunguze mwendo.
- Furaha: “hooray” (hurei) na “yay” (yei).
- Kuchukizwa: “yuck” (yak) kwa chakula kibaya ao uchafu, “ew” (iuu) kwa kitu kinachotia kinyaa.
- Kuchoka na kukasirika: “ugh”.
- Kupumua baada ya hofu: “phew” (fiu).
- Kosa dogo: “oops” (ups).
- Hatari inayokuja: “uh-oh”.
- Huzuni na huruma: “oh no”, “oh dear”, na “aw” (oo ndefu), ambayo inafaa pia kwa mtoto mchanga anayependeza.
- Kuwaza ao kuwa na mashaka: “hmm”.

Maandishi ya vineno hivi yanadanganya. “Ugh” ni sauti inayotoka kooni, na mwenye kuisoma “ugu” hataeleweka. “Tsk tsk”, ambayo Waingereza wanaiandika pia “tut-tut”, si neno la kutamka: ni ulimi unaogonga nyuma ya meno mara 2 ao 3. Hapo mtu wa Kivu anaweza kukosea kwa urahisi, kwa sababu sauti hiyo iko karibu na kusonya. Lakini kusonya kwetu ni dharau ya wazi, na mtoto anayemsonya mkubwa anatafuta fimbo. “Tsk tsk” ya Mwingereza ni lawama ndogo ao masikitiko, na inaweza kutoka hata kinywani mwa bibi anayesoma habari mbaya katika gazeti.

Kipimo pia kina uzito wake. “Oops” ni ya kumwaga chai mezani ao kubonyeza namba isiyo yake kwenye simu. Mfanyakazi aliyevunja mashine ya kampani, ao dereva aliyegonga mtu, akisema “oops”, wanaomsikia wataelewa kwamba anaona jambo hilo kuwa la mchezo. Nia yake inaweza kuwa nzuri, na anaweza kuwa anatetemeka moyoni, lakini neno limekwisha kumhukumu. Hapo inafaa “Oh no!”, na kisha kuomba musamaha kwa sentensi nzima.

“Wow” nayo inategemea sauti. Ikipanda, ni kusifu. Ikitoka polepole na baridi, inaweza kuwa dhihaka: “Wow. Umefika saa 4 na mkutano ulikuwa wa saa 2.” Na mara nyingine hakuna anayeweza kuieleza. Steve Jobs, mwanzilishi wa kampani ya Apple, alipokufa mwezi wa 10 mwaka 2011, dada yake, mwandishi Mona Simpson, alieleza katika hotuba ya kumuaga kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa “Oh wow”, mara 3. Tangu siku hiyo watu wanajiuliza aliona nini. Kiingizi kinaonyesha kwamba kuna hisia. Sababu yake kinamwachia mwenyewe.

Maumivu yanaeleweka kila mahali, mengine sherti kujifunza

Wengi wanafikiri kwamba viingizi ni sauti za asili tu, kama kilio cha mtoto mchanga, na kwa hiyo hakuna haja ya kuvifundisha. Utafiti unaonyesha kwamba wana haki kidogo tu.

Mwaka 2024, kikundi cha watafiti wakiongozwa na Maïa Ponsonnet, wa kituo cha utafiti cha Ufaransa CNRS, kilichapisha matokeo ya kulinganisha viingizi vya maumivu, furaha na kuchukizwa katika luga 131 za Afrika, Asia, Australia na Ulaya. Walikuta kwamba vile vya maumivu vinafanana: sauti “a” inarudi mara nyingi, pia miungano kama “ai” na “au”. “Ayi” ya Goma, “aïe” ya Kifaransa na “ow” ya Kingereza ni mfano mzuri. Lakini kwa furaha na kuchukizwa, hawakukuta mfanano wa namna hiyo. Kila luga ina vyake.

Neno lingine linaloonekana kuvuka mipaka ni lile la mtu ambaye hakusikia vizuri. Mwaka 2013, Mark Dingemanse, Francisco Torreira na Nick Enfield, wa Taasisi ya Max Planck huko Nijmegen, Uholanzi, walilinganisha luga 10 za mabara mbalimbali na kukuta kwamba zote zina kineno kinachofanana na “huh?” ya Kingereza, sawa na “hein?” ya Kifaransa. Kazi hiyo ilipewa mwaka 2015 zawadi ya Ig Nobel, inayotolewa kwa tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Lakini kueleweka hakutoshi. Mbele ya mkubwa wa kazi ao mzee, “Huh?” inaonekana kukosa adabu. Kingereza cha heshima kinaomba “Sorry?” ao “Pardon?”. Mtoto wa Kongo anayejua kwamba hawezi kumjibu baba yake “Hein?” ana msingi wa somo hilo tayari. Kilichobaki ni kumwambia kwamba hata Kingereza kina mlango wa heshima.

Na viingizi vingine vinabadilika kabisa na wakati. “Hello”, salamu ya dunia nzima, katika karne ya 19 ilikuwa neno la kumwita mtu ao la kushangaa. Simu ilipozaliwa, Alexander Graham Bell alipenda watu waitike “ahoy”, mwito wa mabaharia. Thomas Edison, katika barua ya mwaka 1877, akapendekeza “hello”. Edison ndiye aliyeshinda, na “Allô” ambayo kila mtu anasema kwenye simu kutoka Bunia mpaka Kalemie ni ndugu wa neno hilo.

Mitego ya Kifaransa

Mkongomani anayejifunza Kingereza anapitia mara nyingi mlango wa Kifaransa, na kwa viingizi mlango huo una mitego.

Wa kwanza ni “ouf”. Kwa Kifaransa ni kupumua: kazi imeisha, hatari imepita. Kingereza kina “oof”, inayosikika karibu vile vile, lakini maana yake iko upande mwingine kabisa: ni sauti ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na leo vijana wanaitumia kwa habari yenye kuuma. Rafiki akisema kwamba amefaulu mtihani na akajibiwa “Oof!”, atajiuliza amekosa nini. Neno linalofaa kwa kupumua ni “phew”.

Wa pili ni “oh là là”. Mfaransa anaisema mbele ya ajali, bei ya juu ao mvua kubwa. Kingereza kiliichukua na kuiandika “ooh la la”, lakini huko ilibaki na kazi ya kutania juu ya uzuri, mavazi ya kifahari ao mapenzi. Kuisema mbele ya mwanamke wa ofisini aliyevaa vizuri kunaweza kuleta matatizo ambayo msemaji hakuyatafuta.

Wa tatu ni “hélas”. Kamusi itatoa “alas”, na kamusi haikukosea: neno la Kingereza lilitoka katika Kifaransa cha zamani. Lakini “alas” imebaki katika vitabu vya zamani na katika mizaha. Mtu akiiandika katika ujumbe wa pole kwa jirani aliyefiwa, ujumbe utasomeka kama mchezo wa jukwaani.

Wa ine ndio unaoumiza zaidi. Wakongomani wengi wanaposikiliza habari wanaitika “Ah bon?”, hata kama habari ni mbaya, kwa sababu Kifaransa kinaruhusu. Ikigeuzwa neno kwa neno, inakuwa “Ah, good!”, yaani “Ah, vizuri!”. Mtu anayesema “Mtoto wangu ni mgonjwa” na kujibiwa “Ah, good!” hatasahau upesi. “Oh no!” ao “Really?” ndiyo inayofaa.

Hata alama za kuandika zinatofautiana. Kifaransa kinaacha nafasi mbele ya alama ya mshangao, Kingereza kinaibandika moja kwa moja kwenye neno: “Ouch!”. Hisia ikiwa kali, alama hiyo inafuata kiingizi, na neno linalofuata linaanza na herufi kubwa. Hisia ikiwa ndogo, mkato unatosha: “Oh, I see.” Na katika barua ya kuomba kazi ao ripoti ya ofisi, viingizi havina nafasi.

“Pole” haina ndugu

Katika mambo yote, neno linalowasumbua zaidi wasemaji wa Kiswahili ni lile wanalolikosa. Kingereza hakina “pole”.

Kwa Kiswahili, “pole” inamfuata mtu mahali pote penye uzito: amejikwaa, amechoka, ametoka safari, ana mafua, amefiwa. Anayeisema hakiri kosa lolote. Anasema tu kwamba ameona mzigo wa mwenzake. Wasemaji wa Kiswahili wakitafuta neno la Kingereza, wanakamata “sorry”. Inchini Uganda na Kenya jambo hilo halina shida, kwa kuwa “sorry” imekwisha kujifunza kazi ya “pole”, na mtu akianguka barabarani Kampala, wapita njia watamwambia “Sorry!” bila kumshangaza.

Uingereza na Marekani, “sorry” mbele ya mtu aliyejikwaa inasikika kwanza kama kuomba musamaha. Jibu linakuwa: “Why? It's not your fault”, yaani “Kwa nini? Si kosa lako.” Aliyetaka kufariji anabaki na aibu, na mwenzake anabaki na maswali. Huko inafaa “Oh no! Are you OK?”, kushtuka pamoja naye na kumwuliza kama yuko muzima.

Kwa kifo, “sorry” inarudi kwenye kazi yake ya huruma, lakini ndani ya sentensi nzima: “I'm so sorry for your loss”. Hapa tofauti ya desturi ni kubwa. Katika matanga ya kwetu, “Yooo!” ya mama anayefika inasikika mbele yeye mwenyewe hajaonekana, na kelele hiyo ni heshima kwa marehemu. Katika mazishi mengi ya Waingereza na Wamarekani weupe, sauti zinashushwa, na mtu anayelia kwa nguvu anaweza kuonekana amepoteza kichwa. Katika makanisa mengi ya Wamarekani weusi, kinyume chake, kilio na kuitikia kwa sauti vina nafasi yao. Kiingizi kinajifunzwa pamoja na watu wenye kukitumia.

Jina la Mungu mdomoni

Mkristo wa Butembo ao Uvira akishtuka, anasema “Mungu wangu!” ao “Yesu!”, na mara nyingi ni sala fupi ya kweli. Kuisema kwa Kingereza kunabadilisha hewa. “Oh my God!” imejaa katika filamu na simu za vijana, hata kwa wasioamini, lakini Wakristo wengi wanaosema Kingereza wanaihesabu kuwa ni kutaja jina la Mungu bure. “Jesus!” inayotoka ghafula inasikika kwa wengi kama tusi. Mtu aliyetaka kuomba anadhaniwa amelaani.

Waingereza wenyewe walijua tatizo hilo tangu zamani na wakatengeneza njia za kulizunguka. “Gosh” ni “God” iliyogeuzwa mdomo. “Gee” ilitoka katika jina la Yesu. “Goodness” ilichukua nafasi ya Mungu katika “Oh my goodness!”, ambayo mtu anaweza kuisema mbele ya pasta, mwalimu ao mkubwa wa kazi bila wasiwasi. Hata kifupisho “OMG” si cha vijana wa leo: kinapatikana katika barua ambayo amiri wa jeshi la maji la Uingereza, John Fisher, aliandikia Winston Churchill mwaka 1917.

Kwa waimbaji wa kwaya kuna jambo moja zaidi. “O Lord” inaandikwa na herufi moja kubwa bila mkato, kwa sababu ni kumwita Bwana. “Oh” yenye “h” ni hisia ya msemaji mwenyewe.

Filamu zina hatari nyingine. Mwanafunzi anayejifunza Kingereza kupitia filamu za vita anarudi na matusi ambayo waigizaji wanayatupa kama viingizi. Anayatamka vizuri, lakini hajui uzito wake. Na uzito huo mtu hausikii katika luga ya kigeni kama anavyousikia katika luga ya mama.

“Oh” inayofanya kazi ya “kumbe”

Kiingizi kidogo kuliko vyote ndicho chenye kazi nyingi kuliko vyote. Mwaka 1984, mtaalamu wa elimu ya jamii John Heritage alionyesha, kwa kuchunguza maongezi ya kweli yaliyorekodiwa, kwamba “oh” inatangaza badiliko katika kichwa cha msemaji: dakika moja iliyopita hakujua, sasa anajua. Mtu akipewa habari mpya, mwenzake anangojea “oh” hiyo.

Kiswahili kina neno linalofanya kazi karibu na hiyo: “kumbe”. “Kumbe ndiye dada yako!” kwa Kingereza ni “Oh, she's your sister!”. Mwanafunzi akifundishwa hivyo mara moja, hasahau.

Asipofundishwa, anaitika kwa mtindo wa kwetu, “ee… ee… mm…”, ambao nyumbani unaonyesha kwamba anafuata kwa heshima. Kwa masikio ya Kingereza, mwenye kupokea habari mpya bila “oh” yoyote anaweza kuonekana kama mtu aliyekuwa anajua tayari, ao asiyejali. Jirani anamwambia kwamba amepoteza kazi, naye anaitika “mm”. Anaumia moyoni, lakini hakuna aliyesikia.

Hospitalini, mambo yanakuwa mazito zaidi. Munganga anabonyeza tumbo polepole, hapa, pale, akingojea mgonjwa aonyeshe mahali panapouma. “Ouch!” inayotoka wakati ufaao ni habari ya matibabu. Mgonjwa aliyefundishwa kuvumilia kimya, kama wanaume wengi wa kwetu, anamnyima munganga habari hiyo. Mwenye kulia kwa kila mguso naye anaificha. Kwa mengine yote, Wakongomani walioko Marekani wana haki ya kujua kwamba hospitali zinazopokea feza za serikali kuu sherti ziwape mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo kati ya luga zinazoombwa. Lakini mkalimani anatafsiri sentensi. Kilio cha maumivu kinatoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Somo lisiloomba kitabu

Katika Mtihani wa Serikali, maswali ya Kingereza ni ya kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa. Namna hiyo inaweza kupima wakati wa kitendo ao maana ya neno katika maandishi. Haiwezi kusikia sauti ya mwanafunzi, na kile ambacho mtihani hausikii, darasa linakipuuza upesi.

Hata hivyo, viingizi ni sehemu ya sarufi inayofundishwa kwa gharama ndogo kuliko zote. Mwalimu anaweza kufunga kila kineno na tukio lake: “phew” na pikipiki iliyokosa kugonga mtoto, “yuck” na fufu lililooza, “oops” na kalamu iliyoanguka. Anaweza kuwaomba wanafunzi wasikilize redio ya Kingereza na kuhesabu “oh” wanazosikia. Anaweza kuwakataza kusoma maongezi ya kitabu kwa sauti moja kama wanaosoma orodha ya majina.

Zoezi moja halihitaji umeme wala fotokopi. Mwalimu anaandika “Oh” peke yake ubaoni na kutoa habari 4. Kwa kila habari, wanafunzi wanaitika kwa neno hilo hilo. “Nimenunua nyumba”: sauti inapanda. “Somo la leo limefutwa, mtaandika interro”: sauti inaanguka. “Prefe anasema hajawahi kuchelewa”: sauti inauliza, na darasa linacheka.

Kisha habari ya ine: “Mama yangu yuko hospitali.” Hapo “oh” inashuka, inakuwa ndefu, na hakuna anayecheka tena.